Msaada kwa Kaya Maskini na Mlango wa Chama Chetu

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama



 Twawakumbuka wazee waliokianzisha Chama hiki miaka kumi iliyopita, ambao baadhi yao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Wao waliketi chini ya mkorosho wakiwa na daftari moja na mizani ya kuazima. Leo twaketi katika ukumbi wetu wenyewe. Mwenyezi Mungu awalipe mema.

Habari za mazao na hesabu za fedha mmekwisha kuzisikia kutoka kwa Meneja, wala hatuna haja ya kuzirudia. Sisi tuliombwa na Bodi tuseme maneno machache juu ya jambo lolote linalowahusu wanachama. Tumechagua jambo ambalo huenda wengine wataona kuwa si la siku ya furaha, nalo ni hili: ule msaada wa fedha wanaopewa maskini vijijini mwetu, je, waupunguza umaskini? Ikiwa waupunguza, ni kwa kiasi gani? Na ikiwa haumalizi, kazi iliyobaki ni ya nani?

Tumelichagua kwa sababu katika Mkutano Mkuu ujao mtaletewa shauri la kupigia kura, na shauri hilo latokana na jambo hili. Si vema mtu apige kura kwa kufuata maneno ya barazani tu. Basi twawaomba mtusikilize kwa subira.

MANENO YA BARAZANI

Maneno ya barazani sote twayajua, maana sote tumepata kuyasema. Yasemwa kwamba fedha ya bure huzaa uvivu. Kwamba mtu akipewa ruzuku ataacha jembe. Kwamba fedha hizo huishia katika vilabu vya pombe. Na kwamba zikija nyingi kijijini, bei ya unga hupanda hata sisi tusiopewa tukaumia. Na mwenye kutaka kuyafunga mazungumzo husema: mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Methali hiyo ni ya kweli, wala hatukuja hapa kuipinga. Lakini methali ni kama panga: yafaa kujua wapi pa kulitumia. Mtu aliyekaa tu akimngojea ndugu yake, huyo methali yamhusu. Lakini mtu anayelima, anayepalilia, anayeokota korosho tangu alfajiri, na bado watoto wake hulala bila kula miezi ya masika, huyo hakumtegemea ndugu. Huyo amekosa daraja la kumvusha kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Tumhukumu kwa methali nyingine.

MPANGO WENYEWE ULIVYO

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao wengi wetu twaujua kwa jina la TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Hapo mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kuvisaidia vijiji kujenga madarasa, zahanati, visima na mambo mengine ya namna hiyo. Baadaye ilionekana kwamba darasa laweza kujengwa na mtoto wa maskini asiingie, na zahanati yaweza kufunguliwa na mama maskini asifike. Ndipo katika wilaya tatu za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kulipofanywa majaribio ya kutoa fedha mikononi mwa kaya zenyewe. Na mwezi wa Agosti 2012 ukazinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kwa nchi nzima. Katika muda wa miaka michache kaya zilizoandikishwa zilifika yapata milioni moja na laki moja. Kipindi cha pili cha mpango huo kilizinduliwa Februari 2020.

Utaratibu wake ni huu. Majina hutajwa katika mkutano wa kijiji. Kisha kila kaya iliyotajwa huulizwa maswali juu ya nyumba yake, mali yake na watu waishio humo. Kisha majina hurudishwa mbele ya kijiji yathibitishwe. Aghalabu fedha hukabidhiwa mama wa nyumba. Sehemu moja ya ruzuku hutolewa kwa sababu ya umaskini wenyewe. Sehemu nyingine huambatana na masharti, yaani watoto wadogo wapelekwe kliniki na wakubwa waende shule. Tena ziko kazi za muda, kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara za kijiji, ambazo hufanywa hasa wakati wa dhiki.

Sasa na tupige hesabu, maana sisi ni watu wa mizani. Katika kipindi cha kwanza cha mpango, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya nzima. Kaya yenye watoto wengi waliotimiza masharti yote haikuweza kupata zaidi ya shilingi 38,000 kwa mwezi. Ujira wa kazi za muda ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 katika mwaka, yaani shilingi 138,000. Ukizigawa kwa miezi kumi na miwili, ni shilingi 11,500 kila mwezi. Basi kaya iliyopata kila kitu kwa ukamilifu ilipata shilingi 49,500 kwa mwezi.

Je, mtu huhesabiwa maskini akiwa na kiasi gani? Katika uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18, mstari wa mahitaji ya lazima uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Tazameni basi: ruzuku yote pamoja na ujira wote, kwa kaya iliyopata kingi kuliko zote, yatosha mahitaji ya lazima ya mtu mzima mmoja tu. Na kaya ile ina watu sita au saba.

Hesabu hii yajibu mambo mawili kwa mara moja. Anayesema kwamba watu watastarehe kwa ruzuku na kuacha jembe, na aseme ni nani anayeweza kustarehe kwa kiasi hicho. Na anayesema kwamba ruzuku peke yake itaumaliza umaskini wa nchi, naye hesabu yamkatalia. Mwaka 2011/12 watu waliokuwa chini ya mstari huo walikuwa asilimia 28.2, mwaka 2017/18 walikuwa asilimia 26.4. Walipungua, lakini kidogo. Kati ya kila watu wanne, mmoja na zaidi bado alikuwa chini.

KINACHOPUNGUA NI NINI?

Hapo mtu aweza kuuliza: kama ni hivyo, fedha hizo zafaa nini? Twajibu kwa mfano. Mtu amezama majini hata maji yamemfika puani. Ukiyapunguza yakashuka hadi kifuani, mwenye kuhesabu waliomo majini atasema yule bado yumo, na hesabu haikubadilika. Lakini yeye mwenyewe anajua tofauti, maana sasa anapumua, naye aweza kutafuta pa kukanyaga. Umaskini una idadi, tena una kina. Ruzuku ndogo hupunguza kina kabla ya kupunguza idadi.

Jambo hili halikusemwa kwa kubahatisha. Katika majaribio yale ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino vilichukuliwa vijiji 80, vikapigiwa kura, nusu yake vikaanza kupata ruzuku na nusu vikangoja, kisha vikalinganishwa. Watafiti waliona kwamba katika kaya zilizopata ruzuku watoto wadogo waliugua siku chache zaidi. Watu wengi zaidi walikata bima ya afya. Watoto walivaa viatu. Na watu walinunua kuku na mifugo midogo. Bwana Mwenyekiti, mwenye kununua kuku hakununua starehe. Amenunua akiba itembeayo, ambayo itataga, na siku mtoto akiugua itauzwa.

Ama juu ya uvivu, watafiti walikusanya majaribio yaliyofanywa katika nchi sita, nazo ni Meksiko, Honduras, Nikaragua, Ufilipino, Indonesia na Moroko. Taarifa yao ya mwaka 2017 yasema kwamba hawakuona ushahidi ulio thabiti kuwa ruzuku huwafanya watu waache kazi. Na juu ya pombe na tumbaku, taarifa nyingine zilizokusanywa kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zaonyesha kwamba kwa jumla matumizi hayo hayaongezeki watu wapewapo fedha. Hatusemi kwamba hakuna hata mmoja aliyekunywa ruzuku yake. Hata malipo ya korosho yako yanayonywewa, wala hatujasikia mtu akisema korosho zisilipwe kwa sababu hiyo.

Ama juu ya bei kupanda, jirani zetu wa Kenya wana habari njema. Katika Siaya, kati ya mwaka 2014 na 2017, kaya zaidi ya 10,500 zilipewa msaada mkubwa wa mara moja, yapata dola 1,000 kila kaya. Vijiji 653 vilichunguzwa, vilivyopata na visivyopata. Ilionekana kwamba bei za vitu zilipanda kidogo mno, kiasi cha sehemu moja ya asilimia moja ikigawanywa kwa kumi. Lakini kila dola moja iliyotolewa ilizunguka kwa wauza unga, mafundi na vibarua mpaka ikawa imeongeza uchumi wa pale kwa yapata dola mbili na nusu. Hata wasiopewa walifaidi. Kumbe fedha ya maskini haikai. Inapita mkononi mwake ikienda dukani kwa jirani.

MAHALI MSAADA UNAPOSHINDWA

Lakini tusiwe watu wa kusifu tu. Msaada huweza kushindwa, na yatupasa tujue sababu zake.

Sababu ya kwanza ni kuchelewa. Nchini Ghana mpango wao wa LEAP, ulioanza mwaka 2008, ulichunguzwa katika miaka yake ya mwanzo. Ruzuku ilikuwa ndogo ikilinganishwa na matumizi ya kaya, tena malipo yalikatika kwa miezi mingi, kisha yakaja kwa mkupuo. Watafiti walikuta kwamba kaya zile hazikula zaidi kuliko zile zisizopewa. Zilipunguza madeni na kuweka akiba kidogo, lakini chungu hakikubadilika. Somo lake ni jepesi: mtu asiyejua fedha itafika lini hawezi kuipangia kazi. Nasi tulio hapa twalijua jambo hilo kuliko Waghana, kwa kuwa twajua maana ya kungoja malipo baada ya mnada.

Sababu ya pili ni majina. Mpango unaochagua hapana budi utakosea: atatajwa asiyestahili na kusahauliwa anayestahili. Wenzetu wa Zanzibar, walipoanza mwezi wa Aprili 2016 kuwapa wazee wote waliofika umri wa miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, waliiepuka fitina hiyo, kwa maana mzee hakuulizwa utajiri wake, aliulizwa umri wake. Lakini njia hiyo nayo ina gharama, kwa sababu mzee mwenye maduka hupata sawa na mzee asiye na mkeka. Pale panapochaguliwa, ukweli wa mkutano wa kijiji ndiyo mizani. Na mizani ikichezewa, aliyeichezea si mtu wa mbali.

Sababu ya tatu, ambayo kwetu ndiyo kubwa, ni kwamba fedha peke yake haina mahali pa kusimama. Katika Bangladesh chama cha BRAC kilianza mwaka 2002 kuwapa watu maskini sana si fedha ya kula tu, bali mifugo au mtaji mwingine, pamoja na mafunzo, akiba, na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara. Namna hiyo ilijaribiwa baadaye katika nchi sita, mbili zikiwa za Afrika, yaani Ethiopia na Ghana, na taarifa iliyotolewa mwaka 2015 yasema kwamba hata mwaka mmoja baada ya msaada kukoma, kaya zile kwa jumla bado zilikuwa zikila vizuri zaidi na kumiliki zaidi. Maana yake ni kwamba ruzuku humwinua mtu mpaka magotini. Ili asimame wima yahitajiwa kazi yenye soko, akiba yenye mlinzi, na watu wa kushikana nao mikono. Ndugu wanachama, kazi yenye soko, akiba yenye mlinzi, na watu wa kushikana mikono, hivyo si ndivyo vitu vilivyoandikwa katika masharti ya Chama chetu?

HABARI YA MAMA MMOJA

Hapo ndipo tunapokuja nyumbani.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukifanya kazi ya karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi, alikuja mama mmoja, mjane, mwenye watoto wanne na mikorosho ya urithi isiyozidi ishirini. Hakuja na gunia. Alikuja kuuliza bei ya mnada. Tulipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Zangu zimekwisha kuliwa tangu masika.”

Mwajua maana yake. Mwezi wa Machi, mikorosho ikiwa haijatoa hata ua, alichukua mahindi kwa mnunuzi wa kangomba, naye akaahidi kulipa kwa korosho. Msimu ulipofika, korosho zake zilipimwa kwa bakuli, wala si kwa mizani, na kwa bei iliyokatwa siku ya njaa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho mwaka 2007, uliwekwa ili mkulima apate bei ya mnada. Lakini mnada humfaa mtu anayeweza kuungoja. Mwenye njaa hana muda wa kungoja, na mwenye bakuli anajua hilo.

Baadaye jina la mama yule liliandikwa katika kaya za mpango. Hakutajirika. Nyumba yake ni ile ile ya udongo, ingawa sasa ina bati upande mmoja. Lakini masika iliyofuata hakwenda kwa mwenye bakuli. Alinunua unga kidogo kidogo kwa fedha ya ruzuku, akafuga kuku, akapalilia mikorosho yake mwenyewe badala ya kwenda kibarua katika mashamba ya watu siku zote. Msimu ulipofika alikuja mbele ya mizani yetu na gunia moja na nusu, nalo lilikuwa lake.

Tukamwambia: “Mama, wewe si mwanachama. Lipa kiingilio na hisa zote kwa pamoja, ndipo tukuandike.” Ndiyo desturi ya chama kile ilivyokuwa. Akatuuliza: “Nikilipa zote leo, watoto watakula nini mpaka mnada?” Hatukuwa na jibu. Korosho zake zikapimwa kwa jina la jirani mwenye kadi, na malipo yalipotoka jirani akajikatia fungu lake. Alimkwepa mwenye bakuli, akanaswa na mwenye kadi.

Hatumsimulii mama yule ili mumhurumie, maana yeye hakuomba huruma. Aliomba mizani. Twamsimulia kwa sababu Serikali ilimfungulia mlango mmoja, nasi tukamfungia mwingine. Aliyeshika kalamu siku ile tulikuwa sisi, na kosa hilo twalikiri mbele yenu.

SHAURI TUNALOLILETA

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Bodi imekubali yafikishwe mbele ya Mkutano Mkuu mambo manne, nasi twayaeleza hapa mapema ili kila chama cha msingi kiyajadili.

La kwanza, kaya ambayo kijiji chenyewe kimethibitisha kuwa ni maskini iruhusiwe kuingia chamani kwa kulipa kiingilio na hisa kidogo kidogo, zikikatwa katika mauzo ya misimu mitatu, na tangu siku ya kwanza korosho zake zipimwe kwa jina lake mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba; wala hakuna sharti la ushirika lisemalo kwamba kibaba lazima kijazwe kwa siku moja. Msingi wa kwanza wa ushirika duniani kote ni uanachama wa hiari ulio wazi kwa wote. Mlango ulio wazi kwa mwenye fedha taslimu peke yake hauko wazi.

La pili, katika mgawo wa salfa, mwenye mikorosho michache asiwekwe mwisho wa orodha. Ubwiri unga hauchagui shamba kubwa wala dogo, na mti wa maskini usiopuliziwa huwaambukiza majirani zake.

La tatu, kiongozi yeyote wa chama asikate wala asiombe sehemu ya ruzuku ya mtu kwa ajili ya mchango, deni au hisa. Hisa zikatwe katika korosho. Ruzuku ni ya chungu, kliniki na shule. Kama tukiigusa, tutakuwa tumemrudisha mtu kwa mwenye bakuli kwa mikono yetu wenyewe.

La nne halihitaji kura, lahitaji dhamiri. Wengi wenu hapa ni wazee wa vijiji na watu wanaosikilizwa. Siku majina yanapotajwa, msitaje ndugu zenu wenye uwezo. Na anaposahauliwa mtu asiye na wa kumsemea, ninyi ndio wa kumsemea.

Twajua kwamba baadhi yenu wataona shaka. Watasema: Chama ni biashara, si nyumba ya sadaka, na mkiwaingiza watu wasiolipa hisa kwa ukamilifu, nani atabeba hasara? Swali hilo ni la haki, nasi hatusemi kwamba hakuna hatari. Atakuwapo atakayelipa msimu wa kwanza akatoweka wa pili. Lakini hasara ya mtu huyo ni hisa chache zisizolipwa, tena zilizoandikwa daftarini. Hasara tunayoipata sasa haiandikwi popote: kila kilo inayopimwa kwa bakuli ni kilo isiyofika ghalani, nayo haina ushuru wa chama cha msingi wala wa Chama Kikuu. Korosho hizo hutoka usiku, nasi mchana twauliza kwa nini mzigo umepungua. Mwenye bakuli hapati nguvu zake kutoka kwa tajiri, maana tajiri anaweza kungoja mnada. Hupata nguvu zake kutoka kwa mwenye njaa. Basi kila kaya inayovuka masika bila kuuza maua ya mikorosho yake ni faida ya Chama, hata kabla haijawa mwanachama.

Lile swali tuliloanza nalo sasa laweza kujibiwa kwa maneno machache. Msaada wa fedha kwa kaya maskini huupunguza umaskini kwa kuwa huwapa watu muda: muda wa mtoto kukaa shuleni, muda wa kuku kutaga, muda wa korosho kuiva na kuungoja mnada zikiwa mikononi mwa mwenyewe. Hufanya hivyo ukija kwa wakati, na ukimfikia anayestahili. Lakini muda si mali. Muda huwa mali pale tu anapokuwapo mtu wa kupima mavuno kwa haki na kuyalipa kwa haki. Kazi hiyo haikuachwa kwa Serikali wala kwa wafadhili. Ndiyo iliyotufanya tukaunda Chama hiki.

Wazee wetu walituachia methali nyingine, nayo ndiyo tuliyosema mwanzoni kwamba tumhukumu mkulima maskini kwayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huisema kama maneno ya kumfukuza mgeni. Sisi twaiona kuwa ni maneno ya kumkaribisha, kwa sababu hampi mtu jembe ila yeye ambaye amekubali alime pamoja naye. Ruzuku ni zile siku mbili. Siku ya tatu imefika, na jembe liko kwetu.

Miaka kumi ya kwanza ya Chama hiki tumeitumia kujenga ghala. Twaomba miaka kumi ijayo tuitumie kuupanua mlango wake.

Kwa maneno hayo, Bwana Mwenyekiti, tukiwaomba radhi wote tuliowachosha, twawatakieni msimu mwema, maua mengi, na mizani ya haki. Ushirika na udumu.